Udongo wa Mbuga Haulimwi Ukiwa Maji

MPWA: Shikamoo shangazi.

SHANGAZI: Marahaba baba. Habari za Tabora mjini?

MPWA: Nzuri. Wasikilizaji, leo tunarekodia kwake hapa Igunga, nyuma ya jiko. Mvua bado, na mbele yangu kuna nyufa, nyingine naingiza kiganja chote. Ndio udongo mnaouliza kila wiki: mweusi, wa mbuga, ukiloa unang'ang'ania miguu, ukikauka jembe linadunda.

SHANGAZI: Linadunda kweli. Lakini usiuite mbaya. Mpunga wa majaruba uliyoyapita njiani unatoka humu humu.

MPWA: Mpunga unapenda kusimama majini, shangazi. Nyanya je?

SHANGAZI: Nyanya inataka mizizi ipumue. Waeleze wewe habari za chembe.

MPWA: Chembe ya udongo wa mfinyanzi, kama huu, haifiki milimita 0.002. Ya mchanga inaweza kufika milimita 2, mara elfu yake. Vitu vidogo hivyo vikilaliana, hewa haina pa kupita. Ila ndivyo vinavyoshika chakula cha mmea, kama potasiamu na kalsiamu. Kwenye kichanga mvua inakiosha chakula hicho, kinakwenda zake. Halafu huu mweusi unakunywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa, ndipo unapasuka.

SHANGAZI: Na ukipasuka unakata mizizi. Ukimwagilia kwa pupa, maji yanashukia kwenye ufa, mche unabaki na kiu. Mwagilia kidogo kidogo mpaka ufa ufumbe.

MPWA: Mimi mwaka juzi niliamini dawa ni mchanga. Nikanunua tripu nzima, nikachanganya. Baada ya kumwagilia mara mbili na jua kuwaka, tuta likawa tofali. Mchicha haukutoboa.

SHANGAZI: Pole. Mchanga ungehitaji uwe karibu nusu ya udongo wote, au kuzidi. Nani anaweza kubeba huo?

MPWA: Na wewe hukuwahi kukosea?

SHANGAZI: Nilikosea vibaya zaidi. Wazee wanasema udongo uwahi ungali maji. Nikalichukua neno hilo bustanini. Mwezi wa pili, mvua imenyesha usiku kucha, asubuhi nimeshika jembe, nafurahi linazama laini. Kila lilipopita udongo ulibaki unang'aa kama umepakwa mafuta. Ulipokauka nikapata mabonge magumu kama mawe, na yalinisumbua mpaka msimu uliofuata. Lile neno ni la mfinyanzi wa vyungu, yeye anautaka ushikamane. Mkulima anautaka uachane.

MPWA: Sasa utajuaje siku ya kulima?

SHANGAZI: Chota kutoka chini, urefu wa kiganja. Ufinyange uwe donge, ulibonyeze kwa kidole gumba. Likivunjika chengachenga, lima. Likibonyea tu kama ugali, rudi nyumbani. Siku zenyewe ni chache, usiende sokoni siku hizo.

MPWA: Kisha unaweka nini?

SHANGAZI: Samadi, baba. Igunga hatukosi ng'ombe. Lakini iliyooza, isiyonuka tena, unene wa vidole vinne juu ya tuta, kila mwaka. Hapa watu wanakata tamaa, wanaweka mara moja wanangoja miujiza. Mimi niliona tofauti mwaka wa tatu, udongo ukaanza kukatika mkononi kama mkate. Nililia, nakwambia kweli.

MPWA: Pumba za mpunga? Mashineni zimejaa.

SHANGAZI: Nzuri, zinaacha nafasi ya hewa. Usizifukie mbichi peke yake, zinapooza zinanyang'anya mimea naitrojeni, majani yanageuka njano. Changanya na samadi, rundika, zikae miezi.

MPWA: Hili la matuta ndilo nataka vijana wenzangu walisikie. Bibi zetu Wanyamwezi walilaza nyasi mferejini, msimu ukija wanazifunika kwa tuta jipya. Nyasi zinaoza ndani, maji ya ziada yanapita pembeni, viazi vinajaa. Sisi tunalima sesa, bila matuta, halafu tunashangaa mizizi inaoza.

SHANGAZI: Na ukishapanda mimea kwenye tuta, usilikanyage. Pita mferejini. Mguu mmoja kwenye udongo uliolowa unaharibu kazi ya miezi.

MPWA: Matandazo, zile nyasi za kufunika tuta, yanaliwa na mchwa.

SHANGAZI: Waache wale nyasi kavu, njia zao chini zinapitisha maji. Weka upya tu. Pembeni panda mbaazi. Mizizi yake inashuka mbali kuliko jembe lako, na ikioza inaacha matundu. Ukivuna, kata shina, usiing'oe.

MPWA: Kuna msikilizaji wa Nzega anasema mchicha wake unaota chini ya gamba la udongo, unashindwa kutoka.

SHANGAZI: Asifunike mbegu kwa udongo ule. Anyunyize samadi laini iliyochekechwa, nyembamba, juu yake nyasi kidogo, aziondoe miche ikichungulia. Karoti ndefu asisumbuke nazo mwaka wa kwanza, zitagawanyika miguu. Aanze na bamia na matembele.

MPWA: Na mimi na mchanga wangu?

SHANGAZI: Lete mifuko Jumamosi, zizi limejaa. Lakini kama usiku wa Ijumaa mvua imenyesha, samadi itandaze juu tu. Jembe lisiguse.