Uzito Kabla ya Kutu: Mhadhara Kuhusu Lori la Kijeshi la Kipimo cha 1:35

Mwenyekiti, mabibi na mabwana,

Wale mlionisikia hapo awali mtanivumilia, kwa sababu nimekuja na hoja ileile. Lori ni chombo cha kubeba mzigo, na mtu anayejenga mfano wake mdogo wa plastiki, ambao katika kipimo cha 1:35 ni mdogo mara 35 kuliko lori halisi, bila kujiuliza limebeba nini, na kwa kilo ngapi, huwa amejenga kasha lenye magurudumu hata kama rangi yake inapendeza. Sitazungumzia namna ya kukata vipande kutoka kwenye fremu ya plastiki, wala gundi ipi inashika zaidi, maana hayo mnayajua na wengine mnayajua kunishinda.

Nimechagua GMC CCKW, lile lori la Kimarekani la tani 2 na nusu ambalo ekseli zake zote tatu zinavuta, ambalo madereva wake waliliita Jimmy, na ambalo katika Vita vya Pili vya Dunia lilitengenezwa kwa idadi iliyozidi 500,000. Tena nalitaka katika kazi moja mahususi, yaani Red Ball Express, huduma ya jeshi la Marekani ya kupeleka shehena mstari wa mbele huko Ufaransa, iliyoanza tarehe 25 Agosti 1944 na kufungwa tarehe 16 Novemba mwaka huohuo. Reli za Ufaransa zilikuwa zimevunjwa kwa mabomu ya Washirika wenyewe kabla ya kutua Normandy, majeshi yalikuwa yamekwisha kuvuka mto Seine, na shehena bado zilikuwa zikishushwa nyuma kabisa, huko ufukweni na katika bandari ya Cherbourg. Kilichobaki ni malori, usiku na mchana, katika barabara zilizotengwa za kwendea na za kurudia.

Sasa nawaletea kisa ambacho baadhi yenu mmekichoka. Katika maonyesho fulani nilisimama mbele ya CCKW iliyojengwa na bwana mmoja ambaye mkono wake ni hodari kuliko wangu. Kutu ilikuwa ya ajabu, matope yalikuwa ya ajabu, na bodi yake ndefu ilikuwa imejaa jerikeni zilizopangwa safi kwa mistari, tabaka tatu. Nikamuuliza, “Bwana, lori hili limebeba nini?” Akanijibu kwa fahari kwamba limebeba petroli na linakwenda mstari wa mbele.

Tukafanya hesabu palepale. Bodi ndefu ya CCKW ina urefu wa futi 12, yaani mita 3.66, na upana wa kama mita 2. Jerikeni moja ya lita 20, ikisimama, inachukua sentimita 34 kwa 16 hivi. Kwa hiyo sakafu ya bodi inapokea jerikeni kama 120, na kila moja ikijazwa petroli ina kilo 18. Zidisheni wenyewe: tabaka moja tu, ambayo haipiti hata magoti ya utingo aliyesimama ndani, ina kilo 2,160, ilhali tani 2 na nusu za Kimarekani ni kama kilo 2,270. Lori limekwisha kujaa! Barabarani lori hilo lilimudu karibu maradufu, na madereva wa Red Ball walipakia hivyo mara nyingi, kwa hiyo tabaka mbili nazikubali. Tabaka ya tatu inatupeleka kwenye kilo 6,480, na bado lori la bwana yule lilikuwa limesimama wima juu ya springi zake, matairi ya duara kamili, kana kwamba limetoka kiwandani asubuhi ile. Utingo yeyote wa Mariakani, huko Kenya, akiyatazama kwa mbali matairi ya nyuma ya lori linaloelekea kwenye mizani, anajua kama kuna neno au hakuna. Sisi tunaoliweka lori sentimita chache mbele ya macho yetu, kwa miwani na taa, hatuoni.

Yeye akasema, kama mnavyotaka kusema ninyi, kwamba basi jerikeni ni tupu na lori linarudi nyuma. Vizuri. Lakini mzigo mtupu haupangwi kwa mistari kama vitabu vya maktaba; hurushwa ndani, huchanganyika, na nyingi huwa zimebonyea. Tena ukumbuke kwamba nyingi hazikurudi kabisa, kwani zilitupwa ovyo kando ya barabara za Ufaransa hadi jeshi likaanza kulia uhaba wa vyombo wakati petroli yenyewe ipo.

Mwingine atasema kwamba springi zimekuja zimeumbwa hivyo katika boksi la vipande vya mfano. Ndiyo, na msasa upo dukani. Katika CCKW springi za nyuma zimekaa juu ya mhimili ulio katikati ya ekseli mbili, ncha zake zikiegemea ekseli hizo, kwa hiyo mzigo ukikaa katikati, upinde hunyooka na chasi hushuka. Sentimita 7 za lori halisi ni milimita 2 katika kipimo chetu. Punguza kikalio cha springi kwa kiasi hicho, weka chasi juu ya kioo uhakikishe kwamba matairi yote 10 yanagusa, kisha usage sehemu ya chini ya matairi ya nyuma kwa milimita 1, ambayo ni sentimita 3 na nusu za mpira uliolemewa. Ya mbele yaguse kidogo tu. Kazi hii yote ni ya jioni moja, na haihitaji chupa hata moja ya ile rangi ya kutu ya dukani.

Maana kuhusu kutu, jamani, lori lililotengenezwa mwaka 1943 na likafanya kazi hadi Oktoba 1944 litapata wapi mashimo ya kutu kwenye milango? Bomba la moshi, sawa. Kingo za bodi mahali minyororo inaposugua, sawa. Majaji wa maonyesho wanapenda kutu, nimeambiwa. Basi majaji nao waje wasikilize.

Naona Mwenyekiti anatazama saa, kwa hiyo rangi nitaipitia haraka. Kijani kile cha jeshi la Marekani kilitokana na manjano ya udongo na nyeusi, hivyo ukitaka kukipausha tumia manjano ya udongo, si nyeupe, ambayo hukifanya kiwe kama cha chokaa. Kipaushe kabla ya kupuliza, kwa kuwa kitu kidogo huonekana cheusi zaidi. Nyota nyeupe zipate vumbi lilelile lililopata mlango. Njia kubwa zilikuwa za lami, kwa hiyo matope yawe ya kurushwa na magurudumu, chini ya madigadi na nyuma, yasiwe yale ya kumwagiwa kwa kijiko. Madoa ya petroli, meusi na yenye kung’aa kidogo, yawe kwenye ubao wa nyuma mahali jerikeni zinaposhushwa.

Na sanamu za madereva. Takriban robo tatu ya madereva wa Red Ball walikuwa Wamarekani Weusi, katika jeshi lililowatenga kwa rangi. Watengenezaji wengi wa maboksi hutuletea nyuso za Kizungu, nasi tunazipaka kahawia moja tukidhani tumemaliza. Badilisheni kichwa kizima, kisha anzeni na kahawia yenye wekundu ndani yake, mpandishe mwanga wa shavu kwa rangi ya chungwa iliyofifishwa, si kwa nyeupe. Habari za vioo na turubai nitawajibu anayeuliza, ila aje na rula.