Anzia Nchi Kavu, Ndipo Uchague Meli

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Nimeombwa niwalinganishie meli za utalii, na najua wengi wenu mna swali moja: ipi ni nzuri kuliko zote? Sitalijibu moja kwa moja, kwa sababu meli haiwezi kupimwa kabla hujajua unataka kufika wapi na ukifika utakaa saa ngapi. Wasafiri wengi huchagua meli kwanza, ramani wakaja kuifungua wakiwa wameshalipa. Leo nawasihi mfanye kinyume chake.

Tuanze na ukubwa, maana ndio unaotangazwa sana. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba watalii Januari 2024, ina tani karibu 249,000 na urefu wa mita 365 hivi. Tani hizo si uzito wake. Ni kipimo cha ujazo, yaani nafasi yote iliyofungiwa ndani ya meli, kuanzia chumba cha injini hadi kumbi za maonyesho. Basi ukitaka kujua kama mtabanana au mtapumua, zigawe tani hizo kwa idadi ya abiria, ukihesabu wawili kwa kila chumba. Kwa hesabu hiyo Icon inachukua watu 5,610, na kila mmoja anaangukiwa na tani kama 44. Queen Mary 2, iliyoanza safari mwaka 2004, ina tani karibu 149,000 na abiria kama 2,700. Hapo kila mtu ana tani 55. Meli ni ndogo zaidi, ila abiria ana nafasi zaidi. Hesabu hiyo ni ya dakika moja tu, na mimi naiamini kuliko picha zote za matangazo.

Hata hivyo, haitoshi, kwa kuwa meli hizi mbili hazikuundwa kwa kazi moja. Queen Mary 2 iliundwa kuvuka Atlantiki kati ya Southampton na New York. Ina omo, yaani sehemu ya mbele, refu la kukata mawimbi, mabati yake ni mazito, na inaweza kukimbia karibu maili 30 za baharini kwa saa. Icon huenda kama 22, na makazi yake ni Karibi, kwenye maji ya joto, ndiyo maana sitaha zake zimejaa mabwawa na michezo. Mwenye watoto wadogo ambaye anataka tu wiki ya kuogelea na kucheza, aende na Icon, wala asisumbuliwe na mtu. Kwake yeye meli yenyewe ndiyo safari.

Shida ni kwa yule anayetaka kuona nchi, kwani ukubwa hufunga milango. Tangu Agosti 2021 meli zinazozidi tani 25,000 haziruhusiwi kupita kwenye Mfereji wa Giudecca, katikati ya Venice. Kule Antaktika, meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi mtu hata mmoja. Mtaitazama barafu mkiwa sitahani. Zile ndogo zinazoruhusiwa hushusha watu wasiozidi 100 kwa wakati mmoja. Visiwa vya Galápagos navyo havipokei meli ya utalii yenye abiria zaidi ya 100. Na zipo bandari zisizo na gati la kutosha, kama Santorini, kisiwa cha Ugiriki: meli hutia nanga nje, watu wakavushwa kwa boti. Fikirieni watu elfu tatu wakisubiri boti, kisha foleni nyingine ya gari la waya la kupanda mlimani. Asubuhi yote imekwisha.

Na hapa ndipo kwenye kiini cha maneno yangu: saa za nchi kavu. Ratiba ikisema "Roma", meli haiendi Roma. Inafunga gati Civitavecchia, kilomita 70 na ushee kutoka jijini. Tupige hesabu pamoja. Meli inafika saa 1 asubuhi. Mpaka ukaguzi uishe na ushuke ngazi, ni saa 2 kasoro. Kuna basi la kukutoa hadi lango la bandari, kisha kituo cha reli, kisha kusubiri treni. Safari yenyewe ni saa moja hivi, kwa hiyo ukiwa na bahati unakanyaga Roma saa 4. Kama meli inaondoka saa 1 jioni, abiria hutakiwa kuwa ndani mapema kuliko hapo, na mwenye busara atapanda treni ya kurudi si zaidi ya saa 10. Umebakiwa na saa 6, na humo mna chakula, foleni ya Colosseum na mwendo wa miguu. Florence ni hivyo hivyo kupitia Livorno, Paris kupitia Le Havre, na Berlin kupitia Warnemünde ndiyo mbaya zaidi, maana treni peke yake hula karibu saa tatu kwenda na nyingine tatu kurudi. Ukitembea na basi la meli na likachelewa, meli itakungoja. Ukienda kivyako ukachelewa, meli inang'oa nanga, na nauli ya kuifuata bandari inayofuata ni juu yako.

Dawa yake ni kuacha kuitegemea meli kwa kila kitu. Miji mikubwa itembelee na ulale humo kwa siku zako mwenyewe, kabla au baada ya bahari, na meli uiachie kazi inayoiweza: visiwa, mapwani, na sehemu zisizo na barabara.

Alaska, jimbo la Marekani, ndipo jambo hili linapoonekana wazi kuliko kokote. Juneau, mji mkuu, haufikiki kwa barabara kutoka nje. Hapo meli ni ya haki kabisa. Lakini mlima Denali, wenye mita 6,190, uko mbali ndani ya bara, na mara nyingi hufunikwa na mawingu. Anayelala usiku mmoja anabahatisha, lala mitatu. Safari za meli za kwenda tu bila kurudi hutoka Vancouver, Kanada, na kuishia bandari ya Whittier au Seward. Ukishuka Whittier unaingia handaki la kilomita 4 lenye njia moja, ambamo magari na treni hupokezana zamu: huu upande mmoja upite, kisha ule. Mbele yake reli inakupeleka Anchorage, Denali na hadi Fairbanks. Mbona basi safari nyingi za kuanzia Seattle hurudi Seattle, na hupita Kanada njiani? Ni sheria ya Marekani ya mwaka 1886, inayokataza meli za bendera ya kigeni kutoa abiria bandari moja ya Marekani na kuwashusha nyingine; na zikiwarudisha zilikowatoa, ni lazima ziguse nchi nyingine njiani. Kwa hiyo mwenye nia ya kuunganisha reli na bahari huko achague njia ya Vancouver.

Norwe kuna mfano ninaoupenda zaidi. Huduma ya meli za pwani ilianza huko 1893, na leo meli hizo huondoka Bergen kwenda Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi, zikigusa bandari 34, usiku na mchana, zikibeba wenyeji na mizigo pamoja na watalii. Hakuna bwawa la kuteleza. Kuna bandari mnasimama dakika chache tu, makasha yakishushwa huku mtu anapokewa na ndugu zake gatini. Kufika Bergen panda treni kutoka Oslo, mwendo wa saa 7 hivi juu ya milima, reli iliyokamilika mwaka 1909.

Mnaniuliza kipi kitangulie. Mimi nasema nchi kavu kwanza. Huko ndiko kwenye kufunga na kufungua mizigo kila siku. Ukiingia melini unafungua mara moja tu na kupumzika. Tena ndege ikichelewa, unapoteza siku ya hoteli, hupotezi meli. Anayetanguliza bahari, basi asikate tiketi ya ndege ya kabla ya adhuhuri siku ya kushuka.

La mwisho ni viza, maana imewaliza wengi. Ukipanda meli Piraeus, bandari ya Athens, ikaenda Uturuki na kurudi visiwa vya Ugiriki, umetoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja haitakufaa. Alaska kupitia Vancouver unahitaji ruhusa ya Kanada na ya Marekani pia. Wakala anaweza kukuuzia tiketi bila kukuuliza lolote kuhusu hilo, na gatini hawatakupakia. Itazame ratiba bandari kwa bandari, andika kila mpaka unaovuka, ndipo uende ubalozini. Sasa karibuni kwa maswali.