Jirani Kagonga Ukuta

ZUHURA: Mnaoanza gitaa, karibuni kipindini, leo tumewaahidi mambo matatu. Kaka Musa, vidole vinaendeleaje?

MUSA: Vimeota sugu, dada, ila tangu Jumanne sijagusa gitaa. Saa sita usiku jirani kagonga ukuta mara tatu. Asubuhi yuko mlangoni, mtoto mgongoni, macho mekundu. Mtoto hakulala. Nikamwomba radhi.

ZUHURA: Ukabaki na manga, katuni za Kijapani.

MUSA: Ore to Akuma no Blues, yaani blues ya mimi na shetani, ya Akira Hiramoto. Mjapani kamchora Robert Johnson, mpiga blues wa Mississippi, Marekani: kijana wa shambani, usiku anatoroka kwenda kilabuni, gitaa hajui. Halafu anakuja kulijua, na mkono mmoja una vidole kumi. Ule mkono niliutazama mpaka chai ikapoa.

ZUHURA: Robert wa kweli naye walimchoka kama wewe. Son House, mpiga blues mkubwa wake, alisimulia: yeye na wenzake wakipumzika, dogo anachukua gitaa lao, anakwaruza, watu wanakuja kulalamika anyang'anywe.

MUSA: Akaenda kwa mwalimu wa gitaa, Ike Zimmerman, mji wa Beauregard. Usiku wakawa wanakaa makaburini, wanapiga gitaa.

ZUHURA: Huko nani atagonga ukuta?

MUSA: Ndilo nililowaza! Nyuma ya kwetu kuna makaburi, pana na kiukuta kifupi cha kukalia...

ZUHURA: Kaka, usiende.

MUSA: Nawaza kweli, dada. Pametulia.

ZUHURA: Mtu akipita na tochi akasikia nyuzi? Kesho mtaa mzima unasema Musa ana majini.

MUSA: Na Robert walimfanyia hivyohivyo! Mtu kakaa na mwalimu, kakesha, karudi anajua, wanasema kamuuzia shetani roho njia panda. Na hiyo njia panda ilikuwa hadithi ya Tommy Johnson, mpiga blues mwingine, wala si ndugu yake Robert. LeDell, kaka wa Tommy, ndiye aliyeisimulia. Hapo manga inaniuma. Jasho la mtu kapewa shetani.

ZUHURA: Sikubali. Virginia, mke wa Robert, alifariki 1930 akijifungua, yeye na mtoto. Binti wa miaka 16! Kwenye manga, RJ, ndiye Robert, anadhani amekaa kilabuni usiku mmoja, kumbe miezi sita imepita; anarudi, mke na mtoto hawapo tena. Shetani pale ni majuto. Nililia.

MUSA: Majuto yanachorwa bila shetani.

ZUHURA: Yachore wewe, tuone.

MUSA: Dada, huyu karekodi nyimbo 29 tu, San Antonio 1936 na Dallas 1937. Agosti 1938 kafa, ana miaka 27. Msomaji akifunga kitabu anakumbuka nini, mwalimu au vidole kumi?

ZUHURA: Virginia.

MUSA: Vidole.

ZUHURA: Mimi nimekumbuka Virginia, nami ni msomaji.

MUSA: Wewe ulishamjua kabla hujaifungua.

ZUHURA: Na wewe ulishamjua Zimmerman! Fundi mitambo ananionyesha imebaki dakika moja. Tuliwaahidi wanaoanza gitaa mambo matatu.

MUSA: Hata la kukaza nyuzi hatukuligusa.

ZUHURA: Yasubiri. Leo unapigia wapi? Usiniambie makaburini.

MUSA: Nimeongea na jirani. Mtoto huamka saa kumi jioni, basi nipige mpaka saa moja.

ZUHURA: Alhamdulillahi.

MUSA: Ila vidole, dada. Watu wanakumbuka vidole.

ZUHURA: Virginia, kaka. Zima maiki.