Kabla Hujabonyeza Swichi ya Grinda

Wakubwa shikamooni. Vijana, habari za kazi.

Nimeombwa nizungumzie usalama wa mashine za umeme karakanani. Drili nitaigusa kidogo, randa leo siigusi kabisa. Muda mwingi nitautumia kwenye grinda, kwa sababu ndiyo mashine ambayo karibu kila mmoja hapa anayo, fundi chuma, fundi aluminiamu, fundi vigae, na tumeizoea mpaka tunaitumia vibaya bila kuona ajabu.

Hii niliyoshika ni grinda ndogo, ya diski ya milimita 115, ile ya inchi nne na nusu. Kibati chake kinasema inazunguka mara 11,000 kwa dakika. Diski yake hii hapa, imeandikwa 80. Msiisome kama 80 ya basi la mkoani. Hizi ni mita 80 kwa sekunde, sawa na kilomita 288 kwa saa, na huo ndio mpaka: ukingo wa diski usizidi mwendo huo.

Sasa tupige hesabu ya jambo tunalolifanya. Kuna bomba nene la kukata, na grinda iliyopo ni ndogo tu. Fundi anafanyaje? Anang'oa kava, anafunga diski ya inchi tisa. Naona mnatazamana. Grinda kubwa yenyewe huzunguka kama mara 6,500 tu kwa dakika, na wameipunguza makusudi, maana diski pana ukingo wake husafiri mbali zaidi katika kila mzunguko. Ukiipeleka kwenye mizunguko 11,000, ukingo unafika kama mita 132 kwa sekunde. Na nguvu inayotaka kuipasua haipandi kwa kiasi hicho hicho. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kwa hesabu hiyo, diski yako inabeba zaidi ya mara mbili na nusu ya ilichoruhusiwa. Ikipasuka, kilichokuwa kizuie vipande visikufikie ni kava, na kava iko chini ya meza.

Watu wa mbao msicheke. Bledi ya meno ya msumeno ukiifunga kwenye grinda, hata isipopasuka itang'ata mti, na mashine nzima itaruka kumrudia aliyeishika. Ndiyo maana kuna kile kishikio cha pembeni ambacho wengi wetu tumeshakipoteza. Mikono miwili, na mwili ukae pembeni ya mstari wa diski, usiwe nyuma yake.

Diski nayo ina umri. Tazameni pete ya chuma ya katikati, pamepigwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kuitumia, kwa kawaida miaka mitatu tangu itengenezwe. Gundi inayoshikilia chembe hudhoofika, na unyevu huiharibu mapema zaidi. Karakana zetu za mabati wakati wa masika mnazijua. Iliyoanguka sakafuni ikapata ufa, itupe. Bei yake naijua, na bado nasema itupe.

Sasa umeme wenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kazi, tunafanya nini? Tunaweka grinda mezani, tunakwenda kunywa chai. Swichi imeachwa imefungwa kwenye "washa", kwa sababu ni ile ya kusukuma ikanasa. Umeme unarudi, mashine inaamka peke yake, inakimbia juu ya meza na mtoto wa jirani yuko pale. Kwa hiyo umeme ukikatika, zima swichi, kisha chomoa plagi. Na ukibadilisha diski, chomoa plagi, hata kama una haraka, hata kama mteja amesimama mlangoni.

Halafu kuna imani kwamba breka itakuokoa. Breka ya ampea 20 inalinda waya usiungue. Mwili wa binadamu unaweza kuuawa na sehemu ndogo sana ya ampea moja, na breka hiyo haitashtuka hata kidogo. Kinachomlinda mtu ni kifaa kiitwacho RCD, cha miliampea 30, kinachokata mara umeme unapoanza kupotelea ardhini. Ukiwa na hela ya kununua kitu kimoja mwaka huu, anza na hiyo, hasa kama unafanya kazi nje au kwenye sakafu yenye maji.

Ekstensheni iliyoviringishwa, ifungue yote kabla ya kuitumia, la sivyo itapata joto. Na waya mwembamba wa taa haubebi grinda kubwa ya wati 2,000, ambayo huvuta karibu ampea tisa.

Kwenye drili ya mezani, vueni glavu. Hilo huwashangaza watu, lakini glavu ikinaswa na keekee inapeleka mkono wote. Kwenye grinda, miwani ya kazi kila mara, na ya jua haihesabiki.

Wenye karakana, Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawataka muwape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Kibarua wa siku moja naye ana macho mawili.

Basi tutoke nje kwa vitendo. Wenye grinda zisizo na kava waje mbele kwanza. Kava za inchi nne na nusu tunazo za kutosha, za inchi tisa leo hatuna, kwa hiyo grinda kubwa zisizo na kava ziacheni hapa ndani.