Mvua Ileile, Mto Tofauti

Wazee wetu, mabibi na mabwana, hamjambo. Tuanzie kilimani, maana mafuriko ya Butaleja, huku mashariki mwa Uganda, hayaanzii Butaleja. Mto Manafwa unashuka Mlima Elgon, unafika tambarare ya Doho wanakolima mpunga, kisha unaingia mto Mpologoma kuelekea Ziwa Kyoga. Mkulima wa Doho anayezoa tope mferejini anazoa shamba la mtu wa juu.

Sasa hesabu. Mvua ya milimita 1 kwenye hekta 1 ni lita 10,000. Chukueni kijibonde cha hekta 200, na mvua ya milimita 60 kwa saa. Kwa mabonde madogo, wahandisi huzidisha sehemu ya mvua inayokimbia juu ya ardhi, kasi ya mvua na idadi ya hekta, kisha hugawanya kwa 360. Kwenye msitu wenye majani makavu chini, sehemu hiyo tuiweke 0.15: mita za ujazo 5 kwa sekunde. Kwenye shamba lililo wazi, 0.5: karibu 17. Kalvati, yaani njia ya maji chini ya barabara, lililojengwa kwa ajili ya 5 litasombwa, na mkandarasi atalaumiwa bure.

Kwa nini? Tone likipiga udongo ulio uchi, chembe laini huziba vitundu na kufanya ukoko. Na hapa wengi hukosea: wanadhani kivuli cha mti kinatosha. Tone linalodondoka kutoka jani la juu linaweza kuwa kubwa kuliko tone la mvua yenyewe. Kazi hufanywa na majani yaliyooza chini, na njia zilizoachwa na mizizi na minyoo. Shamba la mikaratusi lililofagiliwa kuokota kuni halina tofauti kubwa na uwanja wa mpira. Mgomba uliotandazwa majani makavu hulinda udongo kuliko mikaratusi hiyo.

Tena mti hauzai maji, unayanywa. Majaribio ya mabonde pacha, yaani mawili yanayofanana, moja likikatwa miti na jingine likiachwa, katika nchi nyingi yameonyesha kwamba msitu ukikatwa, jumla ya maji ya mwaka mtoni huongezeka. Wenye misumeno hupenda kunukuu hilo. Wanachoacha ni kwamba udongo ukishashindiliwa na kwato na matrekta, nyongeza hiyo huja kama mafuriko, na kijito cha kiangazi hupungua kwa sababu hakuna kilichoingia ardhini. Lakini hata upandaji una mipaka: mikaratusi isipandwe penye chemchemi.

Kupima ni rahisi. Tafuteni kipande cha bomba au pipa chenye upana wa sentimita 30, wazi pande zote mbili. Kigongeeni ardhini sentimita 5 hadi 10, mimineni maji yafike sentimita 10, someni rula kila baada ya dakika 5, mkijaza tena. Endeleeni mpaka kasi itulie, mara nyingi saa moja au zaidi. Yakishuka sentimita 1 kwa dakika 5, ardhi inameza milimita 120 kwa saa. Yakishuka milimita 2, ni 24 tu, na sehemu kubwa ya ile mvua ya 60 itakimbia. Msichukue usomaji wa kwanza, maana udongo mkavu hudanganya. Maji yakivuja pembeni mwa bomba, anzeni upya. Na pimeni sehemu tano, si moja.

Ukingoni mwa mto, kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinatenga ukanda wa hifadhi wa mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mingine. Matete na nyasi ndefu zilizosongamana hunasa tope vizuri. Mstari mmoja wa miti ulio uchi chini haunasi.

Mitaro ya fanya juu (udongo hutupwa upande wa juu) na fanya chini (hutupwa upande wa chini) inafaa kwenye miteremko ya wastani. Bududa, kwenye miteremko ya Elgon yenye maporomoko ya ardhi, ni jambo jingine. Penye udongo mzito juu ya mwamba, mteremko mkali, au nyufa zinazofunguka, mtaro wa kuzuia maji huyaelekeza pale pale udongo unapoteleza. Huko elekezeni maji taratibu pembeni, kwenye mkondo uliooteshwa nyasi, na nyufa zikionekana wakati wa mvua, hamisheni watu kwanza.