Maua ya Winnipeg: Anza na Mzizi

FURAHA: Karibuni kwenye kipindi cha bustani, tuko Bukavu. Leo swali limetoka kwa jamaa zetu walio Winnipeg, kule Kanada. Wanataka maua yatakayochanua toka Juni mpaka theluji irudi. Bahati, wapatie jibu.

BAHATI: Jibu liko chini ya udongo, yaya Furaha. Huku kwetu unachomeka tawi la bogenvilia, mvua inamalizia kazi. Winnipeg kipimo cha joto kinashuka chini ya nyuzi -30 za Selsiasi, na muda usio na jalidi ni kama miezi minne tu. Ua liwe zuri namna gani, mzizi ukifa Januari, Juni huna kitu.

FURAHA: Jalidi, kwa msikilizaji wa huku, ni ule umande unaoganda juu ya majani. Usiku mmoja tu, asubuhi unakuta dalia yako imelegea na kuwa nyeusi kama sombe iliyokaa siku tatu.

BAHATI: Ndiyo maana unasoma kibandiko kabla ya kutazama rangi. Pale pepinieri, kitalu cha kuuzia miche, kila mmea una namba ya kanda ya baridi, na namba ikiwa ndogo, uvumilivu wa baridi ni mkubwa. Kwa kipimo cha Marekani, mmea wa kanda ya 3 unahimili mpaka -40. Wa kanda ya 5 unakomea kwenye -29. Mtu wa Winnipeg anunue 3. Namba 4 anaweza kujaribu mahali palipokingwa na upepo.

FURAHA: Na jeraniumu? Wengi wameiulizia, wakikumbuka zile za kwenye baraza za hapa.

BAHATI: Hapo jina linadanganya. Ya barazani kwetu ni Pelargonium, asili yake Afrika Kusini, na jalidi inaiua. Geranium halisi ni ndugu wa ukoo, ila tabia ni nyingine: majani yanakufa, mzizi unalala, unaamka. 'Rozanne' ni ya kundi hilo, inachanua toka Juni mpaka baridi iikamate, kwa sababu ni tasa, haipotezi nguvu kwenye mbegu. Lakini mara nyingi huandikwa kanda ya 5. Montréal, ambako baridi ni nafuu, sawa. Winnipeg ni kamari.

FURAHA: Basi taja isiyo kamari.

BAHATI: Hemerocallis 'Stella de Oro', kanda ya 3. Kila ua linaishi siku moja tu, ila kesho yake lingine linafunguka. Achillea nayo, kanda ya 3. Kisha nepeta 'Walker's Low'. Hii ni ya 4, kwa hiyo ipande pale theluji inapolundikana. Theluji ni blanketi. Baridi inayoua ni ile inayopiga udongo mtupu.

FURAHA: Nepeta wengi wanaipenda Juni, Agosti wanaitukana.

BAHATI: Kwa sababu hawaikati. Katikati ya Julai, mashada mengi yakishageuka toka zambarau kuwa kahawia, shika fungu kama unavyoshika majani ya mbuzi, kata nusu ya urefu. Usiogope. Chungulia chini ya shina, utaona vijani vidogo vimeshaanza. Mwagilia, ngoja wiki tatu au nne, inachanua tena. Mmea uliokwisha kuchanua unaona kazi imeisha. Ukiukatiza, unaanza upya. Ila ukichelewa mpaka mwisho wa Agosti, maua mapya yanakutana na jalidi mlangoni.

FURAHA: Gaillardia je? Rangi zake kama kitenge.

BAHATI: Nzuri, kanda ya 3, inachanua majira yote ya joto. Lakini bonde la Winnipeg lina udongo wa mfinyanzi mzito, na gaillardia kinachoiua zaidi ni maji yanayosimama kwenye mizizi. Inua tuta sentimeta 20 hadi 30, changanya mboji. Usimwage mchanga kidogo ukadhani umesaidia. Mfinyanzi na mchanga kidogo ni tofali.

FURAHA: Sasa hotensia. Hapo ndipo machozi yalipo.

BAHATI: Wananunua Hydrangea macrophylla, ile ya mipira ya bluu na waridi. Mwaka wa kwanza inachanua kwa sababu imelelewa kwenye nyumba ya vioo. Mwaka wa pili, majani matupu. Wanaongeza mbolea, majani yanazidi. Shida ni kwamba tumba za maua zinatengenezwa mwisho wa majira ya joto, juu ya matawi yatakayopita kwenye baridi. Matawi yanakufa pamoja na tumba zake. Mzizi ukibaki hai, unatoa machipukizi yasiyo na ua.

FURAHA: Kwa hiyo?

BAHATI: Kwa hiyo Hydrangea paniculata. Yenyewe inatengeneza maua kwenye matawi ya mwaka huohuo. Baridi ichukue ncha zote, Julai inachanua tu, na shada linabadilika polepole toka nyeupe kwenda waridi mpaka Septemba. Unaipogoa mapema, kabla majani hayajatoka.

FURAHA: Kuna aliyesema mimea yake ilipona baridi, ikafa Aprili.

BAHATI: Aende aangalie chini. Maji ya udongo yanaganda na kuvimba, yanayeyuka, yanaganda tena. Kila mara mmea unasukumwa juu kidogo, kama jino linalong'oka polepole. Utakuta mizizi iko hewani, inakauka. Irudishe kwa kiganja, gandamiza, funika udongo. Mwaka unaofuata, tandaza majani makavu sentimeta 5 hadi 10, ila ngoja udongo ugande kwanza. Matandazo hayo ni ya kuuacha udongo ukae umeganda, usiyeyuke-yeyuke. Ukitandaza mapema, unawajengea panya nyumba. Na usipande mmea wa kudumu, ule unaorudi kila mwaka, baada ya Agosti, mzizi unahitaji muda wa kushika.

FURAHA: Walio kwenye fleti, wenye vyungu tu?

BAHATI: Kwenye chungu baridi inaingia pande zote. Watu wa kazi hii wanachagua mmea wa kanda mbili chini ya ile ya mji, na chini ya 3 cha kuchagua ni kichache sana. Weka petunia, ya msimu mmoja, kata ncha zikirefuka, weka mbolea ya maji kila wiki mbili. Ukitaka mmea wa kudumu, Oktoba uzike chungu kwenye bustani ya rafiki mpaka ukingoni. Chungu kiwe cha plastiki. Cha udongo wa kuchomwa kikiloa na kuganda, kinapasuka.

FURAHA: Basi chungu cha udongo cha kutoka soko letu la Kadutu wasihangaike kukibeba.

BAHATI: Wabebe. Wakiweke ndani, wapande pilipili.