Meza nzito ya kupigia randa, fundi akiwa kwenye kiti mwendo

REHEMA: Karibuni. Leo ni meza ya seremala, ile nzito ya kupigia randa, na anayeitengeneza na kuitumia yuko kwenye kiti mwendo. Shaban, tuanze na uzito au na magoti?

SHABAN: Magoti, dada. Ramani nyingi za meza hizi zimechorwa kwa mtu anayesimama. Uso uko sentimita 85 au 90 juu, kuna ubao mpana unaopita mbele karibu na sakafu, halafu jiliwa, lile bano la kushikia kazi, limefungwa kwenye mguu wa kushoto. Watu huambiwa, "kata miguu tu, ishuke." Ukikata, bado huingii. Ubao wa mbele unagonga vikanyagio na skrubu ya jiliwa inagonga goti.

REHEMA: Tupe vipimo basi.

SHABAN: Kanuni za ufikivu za Marekani za mwaka 2010 zinataka nafasi ya magoti yenye kimo cha inchi 27, yaani sentimita 68.5, na upana wa inchi 30, karibu 76. Kwa ncha za miguu zinataka inchi 9 kutoka sakafuni, sentimita 23. Hicho ni kianzio tu. Kaa kwenye kiti chako na mto wako wa kila siku, viatu miguuni, halafu mtu apime kutoka sakafuni hadi sehemu ya juu kabisa ya paja. Ongeza sentimita 5. Meza yetu ina 70 chini ya uso. Ukipata zaidi ya 70, fuata mwili wako, achana na kanuni.

REHEMA: Na mikono ya kiti?

SHABAN: Kama haivuliwi na iko juu kuliko 70, meza itakusimamisha mbali, utafanya kazi umenyoosha mikono. Hapo unachagua: kunyanyua meza au kubadili mikono ya kiti. Mimi ningebadili ya kiti. Meza ikipanda juu ya kiwiko, randa inakosa nguvu.

REHEMA: Wenye viti vya magurudumu matatu, vile vyenye gurudumu refu la mbele kwa ajili ya njia mbovu, wapime pia urefu wa kiti. Gurudumu lile linatangulia mbele ya miguu na ndilo litakalogonga ubao wa nyuma kwanza. Na baiskeli ya kuzungusha kwa mikono haiingii kabisa, ule mlingoti wa pedali unazuia. Huyo ahamie kiti cha kawaida, au afanye kazi ubavuni mwa meza.

SHABAN: Sasa kina cha meza, kutoka mbele hadi nyuma, ni sentimita 60, usizidishe. Aliyekaa, mkono wake ukipita juu ya meza, hafiki mbali zaidi ya hapo bila kuinama, na wengine kiwiliwili hakiwaruhusu kuinama.

REHEMA: Mbao.

SHABAN: Paini inatosha. Ile ya Sao Hill, shamba la miti la Mufindi, imejaa madukani, ni rahisi kuranda, na uzito tutaupata kwa unene. Usinunue iliyotiwa dawa ya kijani kwa ajili ya mapaa. Vumbi lake si la kuvuta, na hapa uso wako uko karibu na randa kuliko wa mtu aliyesimama. Chukua mbili kwa nne, yaani inchi, za futi 12, vipande 10. Mbili kwa sita kimoja. Mbili kwa nane kimoja. Bolti za milimita 12, urefu 150, ziwe 12, na washa pana 24, zile pete bapa za kukaa chini ya bolti na nati, maana washa ndogo inazama kwenye paini. Gundi nyeupe ya mbao kilo 1, itabaki.

REHEMA: Hapo kwenye mbao za dukani kuna mtego. Nyingi zimepasuliwa juzi. Ukigundisha mbao mbichi, uso wa meza unajipinda ukishakauka na viungo vinafunguka. Zipange kivulini na vijiti katikati kila nusu mita. Kata kipande cha sentimita 30, ziba ncha zake kwa rangi, kipime kwenye mizani ya jikoni kila wiki. Kikiacha kupungua uzito, zimekauka kwa hewa ya hapo ulipo. Hakuna haja ya kipimo cha unyevu.

SHABAN: Zikikauka, zipeleke kwenye mashine ya kuranda. Lipia. Zitoke unene wa sentimita 4.3 na upana wa 9 na kitu. Kuranda kwa mkono nyuso zaidi ya ishirini huku huna meza ni kujitesa bure.

REHEMA: Turudi kwenye mpangilio. Uso ni nusu mbili?

SHABAN: Nusu mbili, na ndiyo siri ya kazi yote. Futi 12 ukiikata katikati unapata vipande vya sentimita 183. Nusu ya mbele ni vipande 7 vilivyosimamishwa kwa ubavu na kugundishwa, upana 30. Ya nyuma ni vipande 6, upana karibu 26. Katikati unaacha mwanya wa sentimita 4. Unene wa uso ni 9. Ya mbele itakuwa na kilo kama 25, ya nyuma 21. Ukiunganisha zote kuwa bao moja, una karibu kilo 50 usizoweza kuzigeuza ukiwa umekaa.

REHEMA: Na kilo 25 pia haziwekwi mapajani. Tuseme wazi: aliyeumia uti wa mgongo, ngozi isiyohisi haimwambii kwamba ukingo wa ubao unamchimba. Kidonda cha mgandamizo kinaanzia hapo. Ubao mmoja mwembamba, sawa. Bao lililogundishwa, hapana.

SHABAN: Kwa hiyo kabla ya meza, tengeneza stendi mbili, kimo chake kilingane kabisa na fremu ya meza, yaani miguu bila uso. Fremu ni 70, stendi ni 70. Kila bao linazaliwa juu ya stendi, na likihama linasukumwa kwenda kwenye kitu cha kimo kilekile. Halinyanyuliwi hata mara moja.

REHEMA: Kugundisha.

SHABAN: Mbao mbili au tatu kwa mkupuo, basi. Gundi nyeupe inaanza kushika ndani ya dakika kumi, na kwenye joto la Pwani ni pungufu. Mtu wa kiti hawezi kuruka upande huu na ule akikaza klampu, na hata anayesimama huwa anachelewa. Weka klampu kila sentimita 30. Kama huna, funga mbao ndani ya fremu ya vipande chakavu ukaze kwa kabari mbilimbili. Kabla ya gundi, chora mshale kwenye kila ubao kuonyesha nyuzi zinakopanda, mishale yote ielekee upande mmoja. Usipofanya hivyo, siku ya kusawazisha uso randa italainisha ubao mmoja na kung'oa nyuzi za ubao wa jirani.

REHEMA: Matundu ya vigingi, yale ya kuzuia kazi isiteleze?

SHABAN: Swali zuri, kwa sababu watu huyatoboa mwisho. Uso uko sentimita 79, keekee ya kutobolea iko juu yake, mikono yako iko usawa wa bega. Huna uzito wa kukandamiza na tundu linakwenda upande. Toboa ubao wa pili kutoka mbele kabla haujagundishwa. Una kilo tatu na nusu tu. Ubane kwenye stendi, toboa kwa kulalia, milimita 19, kila sentimita 10, ingia kutoka pande zote mbili mkutane katikati. Ruka sehemu zitakazokaa juu ya miguu, la sivyo kigingi hakitashuka.

REHEMA: Miguu.

SHABAN: Mbao mbili zilizogundishwa kwa kila mguu, bila kuchonga ulimi wala tundu. Ubao wa ndani ni mzima, sentimita 66. Wa nje unagundishwa vipande viwili: chini sentimita 10, acha pengo la upana wa ile mbili kwa sita, juu malizia. Ubao wa kuunganisha mguu wa mbele na wa nyuma unakaa kwenye pengo hilo, gundi na skrubu nne. Juu ya miguu laza mbili kwa nne ya sentimita 56, bapa. Hiyo inakupa ile 70. Unapata fremu mbili za pembeni, kila moja inasukumika sakafuni kwa mkono mmoja.

REHEMA: Lakini mbele hakuna ubao wa chini. Haitayumba kushoto na kulia?

SHABAN: Itayumba kama nyuma ni dhaifu. Ndiyo maana ile mbili kwa nane inakatwa mara mbili, sentimita 133 kila kimoja, inafungwa mgongoni mwa miguu ya nyuma. Mmoja juu kabisa, wa pili ukingo wake wa chini uwe sentimita 25 kutoka sakafuni ili vikanyagio vipite chini. Bolti mbili kila ncha, zipishane, moja juu kushoto, nyingine chini kulia, mbali kadiri ubao unavyoruhusu. Bolti zilizo karibukaribu ni bawaba tu. Kati ya miguu unabaki na zaidi ya mita 1.1, unaingia na kuzunguka kidogo.

REHEMA: Halafu mabao yanapanda.

SHABAN: Yanateleza. Sukuma stendi zifike kwenye ncha ya fremu, paka mshumaa juu ya stendi na juu ya fremu, zuia fremu isikimbie, sukuma bao kwa ncha yake. La nyuma kwanza. Kila bao linashikwa na bolti moja kwa kila fremu, kutoka juu, kichwa kizame sentimita 3 ili randa isikutane nacho. Nati unaikaza kutoka ubavuni, maana uso umetokeza sentimita 25 nje ya mguu, kiti kinafika. Bolti ya bao la mbele ikae karibu na ukingo wa mbele. Masika mbao zikivimba, zinavimbia kwenye mwanya.

REHEMA: Sasa kitu ambacho naona hakisemwi vya kutosha. Meza hii nzima ina kilo sabini hivi. Ukisukuma randa, meza haiendi popote. Kinachokwenda ni kiti.

SHABAN: Kinarudi nyuma, ndiyo. Na breki za kiti ni vyuma vinavyoegemea tairi. Tairi ikipungua upepo, breki haishiki hata ukiikaza vipi. Kwa hiyo jaza upepo kwanza. Kisha funga pete mbili za bolti kwenye miguu ya mbele, upande wa ndani, sentimita 40 kutoka sakafuni, na mikanda miwili ya mizigo kutoka pete hizo hadi kwenye chuma cha fremu ya kiti, chini ya kalio. Usifunge kwenye vikanyagio, vinachomoka. Mkanda mmoja hautoshi, kiti kitazunguka.

REHEMA: Na ndoano ifunguke kwa mkono mmoja bila kutafuta. Kukitokea moto, huwezi kuwa unapambana na fundo. Pia vile vigurudumu vya nyuma vya kuzuia kupinduka visivuliwe siku ya kuranda. Mikono inasukuma kwenye sentimita 80 na zaidi, magurudumu yamefungwa chini, kiti kinataka kwenda chali.

SHABAN: Ukisawazisha uso, meza iwe bado katikati ya chumba, maana bao la nyuma unaliranda ukiwa upande wa pili. Kule ubao wa nyuma unakuzuia magoti, kwa hiyo kaa ubavuubavu, magurudumu yawe na kabari mbele na nyuma. Kujua kama uso umejipinda, vuta nyuzi mbili kutoka pembe hadi pembe, zikatizane. Zikigusana bila kusukumana pale kati, uko sawa. Rudia ukibadilisha uzi wa chini uwe juu.

REHEMA: Jiliwa liende wapi?

SHABAN: Kwenye ile sehemu iliyotokeza nje ya mguu wa kushoto, kushoto kabisa. Mwili wa chuma unaning'inia chini ya uso, hapo haugusi goti. Mpini ufupishe, usigonge gurudumu ukigeuka. Kwa wanaotumia mkono wa kushoto, geuza kila kitu.

REHEMA: Wanaouliza kama waifunge ukutani?

SHABAN: Wakishaisawazisha, ndiyo, bolti mbili kupitia ubao wa juu wa nyuma. Nyuma ya sentimita 60 hufiki, kwa hiyo hupotezi kitu. Uso upake mafuta ya kitani, mara mbili, bila vanishi, maana vanishi inateleza. Kitambaa chenye mafuta hayo kianike kikiwa kimetandazwa nje, usikikunje ukakitupa kwenye ndoo ya takataka. Kinapata joto chenyewe na kuwaka.

REHEMA: Na spana ya namba 19 ining'inie kwenye mguu wa mbele. Kiangazi kikifika mbao zitasinyaa na bolti zitalegea, zikaze zile nane za nyuma kwanza. Wiki ijayo ni stendi ya keekee ya mezani na kimo chake.